Mikono ya Mama Tatu na Giza la Dagaa

Juzi wenzangu wa zahanati walinipikia ugali na migebuka, wakasema ni sherehe ya kunistaafisha. Nina miaka thelathini na mmoja. Nimekaa kwenye chumba cha vidonda miaka tisa, na sasa naondoka kwenda kusomea uuguzi, baada ya kurudia mtihani wa baiolojia mara ambazo sitazitaja hapa. Lakini mtu wa dawa alisimama na soda yake mkononi akanitambulisha kama "mzee wetu anayestaafu", watu wakapiga makofi, na mimi ni nani wa kukataa heshima iliyokuja na samaki?

Basi nawaandikia ninyi wawili mnaopokea ufunguo wa chumba kile. Mshahara siuzungumzii, wenyewe unajua njia yake. Nataka kuwaeleza habari za chumba, na zaidi habari za mikono ya mama mmoja, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi baada ya mimi kudhani nimeshaijua.

Siku yangu ya kwanza nilikuja nimevaa koti jeupe lililonipwaya, nimejaa ndoto. Njia nzima kutoka Ujiji nilikuwa najiona naokoa watu, nashikwa mkono na wazee, naombewa dua. Nilipofika, muuguzi wa zamu alinitazama toka kichwani hadi viatuni. Huyo ndiye Sista Koku, mwenyeji wa Bukoba, aliyeletwa huku na kazi na akakaa mpaka akaanza kuitikia "mwakeye" asubuhi kama Muha aliyezaliwa Kasulu. Akanikabidhi brashi na sabuni.

"Sugua," akasema.

"Nisugue nini, Sista?"

"Chochote kisichopumua."

Nikasugua wiki nzima. Kitanda, ndoo, vibakuli, kuta, mpaka mguu wa meza. Siku ya nane ndipo nikaruhusiwa kushika koleo, na koleo lenyewe ni lile lenye mguu mmoja uliopinda, mtalikuta kwenye droo ya juu. Msilitupe. Linashika gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, vizuri kuliko yale mapya yanayong'aa, ila lina kiburi, lazima uliinamishe kidogo kushoto.

Watu watawaletea vidonda vilivyopakwa mawese, majivu, dawa ya meno, na siku moja niliona kimoja kimepakwa asali na kubandikwa kipande cha kalenda. Nilitaka kucheka. Sista Koku akanikanyaga mguu. Mgonjwa alipotoka akaniambia, "Yule alikuwa anajihudumia kwa kitu alichokuwa nacho. Wewe mwoshe tu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na umsifu kwa kuja." Tangu siku hiyo nawasifu wote. Hata anayekuja amechelewa nusu mwezi, namwambia bora umekuja leo kuliko kesho, na huo si uongo.

Kingine ni daftari. Sista Koku alilichora mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, kidonda kikoje, umefanya nini. Halafu safu ya mwisho, nyembamba, aliyoiita "Mengineyo". Humo tuliandika jambo moja alilosema mgonjwa ambalo halihusu kidonda. Mbuzi wake kazaa. Mtoto kafaulu. Bati limeng'oka.

"Ya nini haya, Sista?" nilimuuliza.

"Utajua siku utakayoyahitaji."

Niliona ni ushamba wa Kihaya. Niliandika kwa utiifu na sikurudi kuyasoma hata mara moja. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mama Tatu alikuja mwaka wangu wa nne. Mnamfahamu, ni yule mama mnene kidogo, mcheshi, anayeanika dagaa mwaloni Katonga. Wakati ule hakuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa imevimba, ngozi imekakamaa na kung'aa, imechanika kati ya vidole na kuvuja maji. Inawasha, aliniambia, mpaka anatamani kuisugua kwenye mchanga. Tabibu wetu akampa mafuta ya kupaka, mimi nikaosha na kufunga. Baada ya siku kadhaa ikanywea. Mwezi uliofuata akarudi. Na uliofuata. Akanibatiza jina, Daktari Bandeji, na jina hilo limenishika mpaka leo kama harufu ya spiriti.

Pale mwaloni kina mama wana kikundi, na kila mmoja ana kichanja chake cha kuanikia, kile kitanda kirefu cha miti na wavu. Kichanja hakilali kitupu. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mkali, mwenye macho ya kuona punje ya mchanga ndani ya debe la dagaa, naye alikuwa ameshaanza kumwuliza Mama Tatu, "Hivi mwenzangu, hiyo mikono, wateja wakiiona?" Wengine walianza kukaa mbali naye wakati wa kunawa. Kichanja kile ndicho kilichokuwa kinamlisha, kinawasomesha watoto, na zaidi ya yote, aliniambia, ndipo mahali pake pa kuchekea.

Jioni moja nikiwa na daftari nikaona kitu. Tarehe za Mama Tatu zilikuwa zinakwenda na mwezi wa angani! Wenyeji wa ziwa hamhitaji kuelezwa, ila mmoja wenu ametokea Dodoma: dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauonekani kitu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Mama Tatu alikuwa anakuja kila kipindi cha giza, na kila mbalamwezi mikono inapona. Nilisimama peke yangu chumbani nikajipigia makofi. Giza linaleta dagaa, dagaa wanaleta upele. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Usiku huo niliota nimeitwa Dar es Salaam kutoa hotuba.

Kesho yake sikumngoja tabibu wala Sista Koku. Mama Tatu alipoingia nikamwambia, kifua mbele, "Mama, dagaa ndio wanaokuunguza. Giza hili usiwaguse kabisa."

Akaitazama mikono yake. Halafu akauliza, "Kichanja nimwachie nani?"

"Omba ruhusa, giza moja tu."

Akaenda kuomba. Mwenyekiti akampa kichanja mama mwingine akishikilie, akaweka na sharti mbele ya kikundi kizima: akirudi na mikono mizima, kichanja chake, akirudi na mikono ile ile, ndiyo basi, kinabaki kwa mwenzake.

Giza likaingia. Mama Tatu akakaa nyumbani, anachambua mchele na kusuka ukili. Hakugusa hata dagaa wa mboga. Siku ya tatu akaja zahanati amejifunga khanga mpaka viwikoni. Alipoifungua, nilikosa pa kuangalia. Upele ulikuwa umepanda mpaka karibu na kiwiko, mbaya kuliko siku zote.

"Daktari Bandeji," akasema kwa sauti ndogo, "dagaa wamenifuata mpaka nyumbani?"

Niliosha mikono ile nikiwa nimeinamisha kichwa ili asione macho yangu. Mimi ni mwepesi wa machozi, Sista Koku alikuwa anasema ningefaa zaidi kuwa kitunguu. Alipoondoka nikamweleza Sista kila kitu. Hakunigombeza. Alivaa miwani, akavuta daftari, akaniambia, "Rudi ulikokimbia. Soma safu ya mwisho."

"Ipi?"

"Ile ya ushamba."

Kumbe alijua nilivyoiita! Nikasoma. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, mwezi baada ya mwezi: *Mume yuko ziwani. Mume yuko ziwani, upepo ulivuma. Mume yuko ziwani, alichelewa kurudi mpaka saa nne asubuhi. Mume yuko ziwani.* Kila tarehe ya upele, maneno hayo hayo. Na tarehe aliyokuja kuonyesha mikono mizima: *Mume yuko nyumbani, anakoroma.*

Giza linaleta dagaa, kweli. Lakini pia linamwondoa Baba Tatu nyumbani.

Sista Koku akasema tusikimbilie kutangaza, tulishatangaza mara moja. Na kweli giza lililofuata likajipima lenyewe. Injini ya mtumbwi wa Baba Tatu ilikufa, fundi akawa anangoja kifaa, mzee akashinda nyumbani giza zima akiwasumbua watu kuhusu chumvi ya mboga. Mama Tatu, kwa kuwa Mwenyekiti alikubali kusubiri magiza mawili zaidi kabla ya kuamua na kichanja kilikuwa bado mikononi mwa mwenzake, akaenda kusaidia kuosha na kugeuza dagaa wa watu wengine, mikono mitupu, kutwa. Akaja kwangu mwisho wa wiki, hakuja kwa tiba, alikuja kuonyesha. Mikono laini.

"Dagaa wamenisamehe!" akacheka.

Wiki ile ile daktari wa ngozi alikuja na kliniki ya mkoba, ile inayozunguka vituoni, na nilimpeleka Mama Tatu mwenyewe, nimebeba daftari kama mtu aliyebeba sanduku la bibi harusi. Daktari alikagua, akauliza mengi, akatazama safu ya tarehe na ile ya Mengineyo muda mrefu. Akasema ni pumu ya ngozi. Chumvi, maji na sabuni kali vinaichokoza, kwa hiyo mafuta asiache na sabuni abadili. Ila kuna kichokozi kingine. Niliyaandika maneno yake, na nawapa kama nilivyoelewa mimi.

Mtu akiwa na hofu au msongo, ubongo haukai na habari hiyo peke yake. Inashuka kwenye neva mpaka ncha zake zilizoko ngozini. Zile ncha zinamwaga vijumbe vidogo sana vya jamii ya protini, vinaitwa nyuropeptidi. Vijumbe hivyo vinaenda kuziamsha seli za kinga zilizokaa kando ya mishipa ya damu. Seli zinapasuka kama gunia lililojaa kupita kiasi, zinamwaga kemikali zake, mishipa inapanuka, maji yanavuja kwenye nyama, na hapo ngozi inavimba, inapata joto, inawasha. Uvimbe wenyewe ni ulinzi, tungekatwa na wembe tungeuhitaji. Shida ni kwamba walinzi wameitwa na hakuna mwizi. Na ukijikuna unazitekenya neva zile zile, zinamwaga tena, mzunguko unaendelea. Daktari alisema vipo pia vijumbe vya kutuliza, mwili haukuumbwa wa kugombana tu. Hilo lilinifurahisha sana, sijui kwa nini.

Lakini Mama Tatu hakufurahi. Alivuta khanga yake.

"Kwa hiyo, daktari, nimejitungia? Huu ugonjwa uko kichwani mwangu?"

Daktari akafungua mdomo, mimi nikawahi. Nisameheni, ndiyo tabia yangu.

"Mama Tatu, Baba Tatu akiwasha taa kule ziwani, dagaa wanaokuja ni wa kutunga?"

"Wa kutunga wapi! Si ndio tunawaanika?"

"Na taa je, ni ya kutunga?"

"Taa ni taa."

"Basi hofu yako ndiyo taa. Ikiwaka, vile vijumbe na seli vinakusanyika mikononi, vingi, vya kweli kabisa. Hakuna aliyetunga. Sisi tunataka kupunguza taa tu."

Akanitazama. Halafu akashusha pumzi na kukaa chini, na ndipo akasema ambalo safu yangu ya mwisho haikuwa nalo. Kaka yake alikwenda kuvua giza moja upande wa Kagunga, mtumbwi ukarudi bila yeye. Mama Tatu alikuwa bado binti mdogo. Tangu hapo, mwanamume wake akishika kasia tu, hapati usingizi mpaka asubuhi. Na hajawahi kumwambia. Kwao, mvuvi haambiwi "rudi salama" wala "naogopa". Ukisema, unalitia ziwa wazo la kumchukua. Kwa hiyo Baba Tatu akiondoka yeye hugeuza uso, anajifanya anaosha sufuria.

Daktari akasema azungumze na mumewe. Rahisi kusema! Mama Tatu akaitikia kwa adabu na akaenda zake, na nilijua hatasema. Mimi nisingeweza kumsemea. Siri ya mgonjwa haitoki chumba kile, hata kwa wema. Hilo Sista Koku alinikumbusha mara tatu, ananijua.

Ila ziwa lina mambo yake. Siku injini ilipofungwa, Baba Tatu alijikata kidole gumba kwenye feni yake ya kusukuma maji, akaletwa zahanati na mkewe, damu hadi kwenye suruali. Mwanamume wa kimo cha mlango, ameshika kidole na analalamika kama mgeni aliyekosa chai.

"Taratibu, Daktari Bandeji! Hicho kidole ndicho kinachovua!"

"Kitulie basi, Baba."

Nilikuwa nasafisha, yeye anaguna, na Mama Tatu amesimama pembeni anatazama kile kidole. Nikaona anaanza kujikuna mkono. Na yeye akajiona. Akasimamisha kucha zake katikati ya safari, akaitazama mikono yake, akasema ghafla, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kidogo vile:

"Mimi huwa naogopa, Baba Tatu. Kila ukienda. Ndiyo inayoniwasha hii mikono, muulize na daktari."

Nikaendelea kuosha kidole ambacho kilishakuwa safi.

Baba Tatu akageuza shingo polepole. "Unaogopa nini?"

"Usirudi."

"Wee mwanamke!" Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii hunisindikizi, unanigeuzia mgongo na sufuria, mimi nadhani umenichoka. Wenzangu wanasindikizwa na wake zao, mimi nasindikizwa na kelele za masufuria!"

"Ningesema, ningelitia ziwa wazo."

"Ziwa halina masikio. Mimi ndiye ninayo." Akafikiri. "Unachoogopa ni kule kutojua, siyo? Asubuhi, kabla hatujafika."

"Hapo ndipo pabaya. Naona mitumbwi inatokea, kila mmoja mweusi, siujui wako."

"Nipe basi kile kitenge chako cha njano."

"Kipi? Kile kizuri?"

"Kizuri ndicho kinachoonekana mbali."

Wakabishana juu ya kitenge mpaka nikamaliza kufunga. Katika Mengineyo niliandika: *Wamegombania kitenge.* Sista Koku alisoma, akapiga tiki, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia.

Mbalamwezi ikapita, giza likaingia, na giza hili ndilo Mwenyekiti alilosema atatoa uamuzi wa mwisho. Alfajiri ya siku ya tano nilikwenda mwaloni kabla ya kufungua chumba. Kiutaratibu nilikuwa nakwenda kununua mboga. Mama Tatu alikuwa anasaidia kugeuza dagaa wa watu, mgongo umemkaza, na kila akigeuza mara mbili anatazama maji. Jua likapanda juu ya vilima nyuma yetu, ziwa likaanza kung'aa, mitumbwi ikaanza kutokea mbali, vidoa vyeusi vinavyofanana. Halafu kwenye kimoja, juu ya mti wa taa, kikapepea kitu cha njano. Kidogo mno. Kama ua la mchunga.

Mama Tatu akakiona. Akasema, "Haya," basi, kama mtu aliyejibiwa salamu, akainama kuendelea na kazi. Mtumbwi ulikuwa bado na safari ndefu kufika, lakini mabega yake yalikuwa yameshafika nchi kavu.

Mwenyekiti hakuwa na haraka. Alikuja, akamwambia, "Lete," akaishika mikono ile akaigeuza juu na chini kwenye mwanga, akaangalia kati ya vidole kama anavyotafuta mchanga kwenye dagaa. Mimi nikiwa nyuma nimeshika mfuko wangu mtupu, sipumui. Sista Koku angeniona angenisugua.

"Na hiki?" Mwenyekiti akauliza. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto palibaki kipande kidogo, kikavu, kama shilingi.

"Hicho kinabaki," Mama Tatu akasema bila kutetemeka. "Daktari kasema haiishi yote, inatulia. Hakivuji, na haiambukizi. Muulize Daktari Bandeji, yule pale anajifanya ananunua mboga."

Kina mama wote wakageuka, wakaanza kuniuliza kwa macho nanunua mboga gani. Nikasema kwamba haiambukizi, haijawahi kuambukiza, na kwamba ushauri wa kuacha dagaa ulikuwa wangu na ulikuwa wa makosa. Nilidhani nitazomewa. Mwenyekiti akanitazama, akasema, "Umekosea mbele ya mtu mmoja, umekiri mbele ya watu wengi. Vizuri." Halafu akamgeukia yule mama aliyeshikilia kichanja. "Ondoa dagaa wako jioni. Mwenyewe amerudi."

Sikuponya mtu, jamani. Mafuta yalifanya kazi yake, kitenge kikafanya yake, na yapo magiza ambayo upepo unavuma na mikono inarudi kidogo, naye anakuja tunaiosha na kucheka. Lakini tangu siku ile nikifungua daftari naanza na safu ya mwisho. Nimeichora tena kwa rula, nimeipanua kidogo. Wino mweusi ni bora, bluu unafutika na spiriti.

Jana nilikwenda mwaloni kuaga. Mama Tatu alinifungia dagaa wakavu, akaufunga mfuko kwa kipande cha njano kilichochakaa, kile kitenge kimeshabadilishwa mara mbili. Sikutegemea aniambie safari njema, naijua mila yao. Na hakusema. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama, akanionyesha mikono yake miwili mitupu, safi kabisa.

"Chuo chenu huko kina mtandao?"

"Upo, mama."

"Basi ukifika piga siku ile ile. Siyo kesho yake. Sitaki kurudi chumba cha vidonda kwa ajili yako."